Vigae vya meko ya zamani: vimechorwa kwa mkono au ni chapa?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya mwaka 1884 hapa Columbus, Ohio. Sebuleni kuna meko ya ukutani iliyozungushiwa vigae 16 vya inchi sita, vyenye maua, ndege na matawi juu ya rangi ya maziwa. Viwili vimepotea na mahali pake pamejazwa saruji. Vilivyobaki vina nyufa nyembamba zilizoingia weusi. Fundi wetu anasema hizo ni stika tu, tuvibandue tuweke vipya. Jirani, mama mtu mzima wa hapa, anasema vimechorwa kwa mkono Uingereza na vinauzwa maelfu ya dola. Mimi nawaza kuvisafisha kwa jiki, kisha nivibandue nikavijengee kwenye kibaraza cha nyumba yetu Tanga. Nifanyeje? Na nitajuaje kama vimechorwa kweli?"*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kufungua chupa ya jiki, maana katika yote uliyoandika hilo ndilo lenye haraka. Basi nilitangulize: jiki isikaribie vigae hivyo, na patasi ya fundi isubiri. Mengine tutayachukua polepole.

Ninavyokuelewa, una hofu mbili kwa pamoja. Unaogopa kutupa mali, na unaogopa kuhangaikia takataka. Fundi anakuvuta huku, jirani anakuvuta kule, ila wote wawili wanakosea pale pale: wanaamini kigae ama kimechorwa kwa mkono, ama kimechapwa, basi. Viwanda vya karne ya 19 havikuwa na mpaka huo. Mkono na chapa vilikutana kwenye kigae kimoja, tena mara nyingi sana.

Nianze na fundi. Anayesema "stika" anafikiria karatasi iliyogandishwa juu. Chapa ya kigae si hivyo. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa rangi ya madini, rangi ikahamia kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikabanwa juu ya kigae kisha ikaoshwa ikatoka. Kilichobaki ni rangi yenyewe, na moto wa tanuri ukaifunga pale moja kwa moja. Ufundi huo ni wa kale kuliko nyumba yako kwa zaidi ya karne nzima: mwaka 1756 mjini Liverpool, John Sadler na Guy Green waliapa kwa maandishi kwamba wamechapa vigae zaidi ya 1,200 ndani ya saa sita. Baadaye viwanda vya Uingereza vikachanganya. Mistari ya mchoro ilitoka kwenye bamba, kisha wanawake na wasichana waliokaa mezani kwa safu wakajaza rangi kwa brashi, huyu petali, yule majani. Sasa kigae kama hicho utakiitaje? Mistari ni ya chapa, rangi ni ya mkono. Vya namna hiyo vimejaa tele kwenye meko za nyumba za enzi ya nyumba yako.

Jirani naye hajakosea kabisa kutaja Uingereza. Hadi miaka ya 1870, Wamarekani walikuwa wakiagiza ng'ambo karibu vigae vyao vyote vizuri. Sakafu za jengo la Bunge kule Washington ziliwekwa vigae vya Minton, kampuni ya kauri ya Stoke-on-Trent, Uingereza, kuanzia mwaka 1856. Dari ya ukumbi wa chini wa Bethesda Terrace, katika bustani ya Central Park mjini New York, ina vigae zaidi ya 15,000 vya kampuni hiyo hiyo. Waingereza walitangulia kwa sababu ya mashine. Mwaka 1840 Richard Prosser alipata hataza ya kushindilia unga wa udongo, wenye unyevu kidogo tu, ndani ya kalibu ya chuma. Udongo uliolowa hujikunja ukikauka. Unga ulioshindiliwa hutoka tambarare, na kila kigae kinalingana na mwenzake. Ndiyo maana vyako ni vya inchi sita kamili. Na hapo ndipo kazi ya mkono ilipopata mlango, maana viwanda vilianza kuuza vigae vyeupe vitupu, na mtu yeyote mwenye brashi aliweza kununua na kuchora.

Mlango huo ulifunguka wazi Marekani mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru. Watu waliona vigae vya Uingereza kwa wingi, wakarudi makwao na hamu. Mwaka uliofuata wasanii wa New York wakaanzisha Tile Club. Walikutana Jumatano jioni na kuchora juu ya vigae vya inchi nane. Miongoni mwao alikuwa Winslow Homer, mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa nchi hiyo, na mwaka 1878 alichora vigae vya kuzungushia meko vyenye mchungaji wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili. Kundi hilo lilidumu hadi 1887.

Lakini kwako wewe uliye Ohio, habari iliyo karibu zaidi ni ya Cincinnati. Huko, mwaka 1874, Benn Pitman aliwaandalia wanawake darasa la kuchora kwenye kauri, na kazi zao zikapelekwa Philadelphia. Mmoja wa wanafunzi hao, Mary Louise McLaughlin, alitoa mwaka 1877 kitabu cha kuwafundisha wasio mafundi. Mwingine wa mji huo, Maria Longworth Nichols, akaanzisha kiwanda cha kauri cha Rookwood mwaka 1880. Wanawake wengi waliopita katika mkondo huo hawakuacha majina kwenye vitabu vya historia. Walinunua vigae vitupu, wakachora maua waliyoyaona bustanini mwao, wakapeleka kwa mwenye tanuri, na mume au baba akaviweka mekoni. Nikisoma kuhusu nyumba ya Ohio ya mwaka 1884 yenye ndege na matawi, hilo ndilo linalonifanya niseme ngoja. Sijaviona, siwezi kuamua kwa mbali. Ila kama vimechorwa kwa mkono kweli, huenda mkono huo haukuwa wa Uingereza hata kidogo, ulikuwa wa jirani wa mtaa wa pili.

Kuna kosa jingine ningependa kulirekebisha hapa, maana hulisikia sana: si kila kigae cha sanaa cha Marekani cha wakati ule kilichorwa. Vile vilivyosifiwa kuliko vyote, vya John Gardner Low wa Chelsea, Massachusetts, havina mchoro wa brashi. Low alianza na babake mwaka 1877, na miaka mitatu tu baadaye walipata medali ya dhahabu huko Crewe, Uingereza, nyumbani kwa washindani wao. Sura na maua ya Low yameinuka kwenye udongo wenyewe, kisha kigae kikamiminiwa rangi moja ya kioo. Rangi hiyo ikijikusanya bondeni hukoza, ikipita kileleni huwa nyepesi, na hapo uso wa mtu unajitokeza wenyewe. Ukipitisha kidole kwenye vigae vyako ukakuta maua yameinuka na rangi ni moja tu, swali lako la mkono au chapa halipo tena.

Kama havikuinuka, fanya hivi usiku. Zima taa, washa tochi na uishike pembeni, sambamba na ukuta, ili mwanga uteleze juu ya kigae. Uwe na lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya masonara. Unachotafuta ni uhusiano wa rangi na glezi, yaani ule utando wa kioo ulioyeyukia juu ya udongo.

Rangi iliyopakwa juu ya glezi, kama walivyofanya wanawake wa Cincinnati mwanzoni, hujulikana kwa mguso. Kigae kilikuwa tayari kimechomwa. Mchoraji alisaga rangi ya madini pamoja na unga wa kioo laini, akaichanganya na mafuta ya tapentaini, akachora, na kikarudi tanurini kwenye moto mdogo, wa nyuzi kama 700 hadi 800 za Selsiasi. Kwa moto huo glezi hulainika kidogo tu na rangi hushika usoni. Kwa hiyo chini ya tochi utaona maua yana mng'ao tofauti na mahali patupu, na kidole kitahisi kingo. Ukiona rangi imelika pale watu waliposugua miaka yote, hiyo nayo ni dalili.

Rangi ya chini ya glezi ni kinyume chake. Ilipakwa kwenye udongo uliochomwa mara moja, ikafunikwa glezi, kisha ikapigwa moto wa zaidi ya nyuzi 1,000. Rangi nyingi hufa katika moto huo. Buluu ya kobalti huvumilia, ndiyo maana unaiona kila mahali. Usoni ni laini kote kama maji, mchoro uko ndani.

Sasa mkono na chapa, kwa lenzi. Mstari wa brashi una pumzi: huanza mnene, hunyooka, huishia kwenye ncha, na palipokutana mistari miwili rangi imejaa zaidi. Mstari wa bamba la shaba una ukingo mkavu, na vivuli vyake vimetengenezwa kwa vijistari sambamba au vitone vilivyochongwa mmoja mmoja. Ukikuta vitone vidogo sana vya rangi nne vimepangwa kama maua, hiyo ni chapa ya karne ya 20 au baada yake. Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji lenzi. Tafuta ua lile lile kwenye vigae viwili. Ukiona mishipa ya majani inalingana mstari kwa mstari, kuna bamba. Ukiona mistari inalingana ila rangi imevuka mpaka hapa na kule haikuvuka, kuna bamba na mkono pamoja. Ukiona vinafanana kama ndugu lakini hakuna jani linalolingana na jingine, mtu alikaa akachora vyote 16.

Tuje kwenye nyufa. Hukuziharibu wewe, wala hazimaanishi vigae vimekufa. Udongo na kioo hupanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Kigae kinapopoa, kioo kikitaka kusinyaa kuliko udongo ulio chini yake, hubaki kimevutika kama ngozi ya ngoma. Kisha udongo, ambao una vinyweleo, hunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka na kuvimba kidogo kidogo, na moto wa meko hupasha na kupoza kila majira ya baridi. Siku moja kioo kinaachia, na utando wa buibui unatokea. Weusi uliomo ni masizi na mafuta ya moshi.

Na hapa ndipo jiki inapokuangusha. Masizi ni kaboni, na jiki haiyeyushi kaboni. Maji yake yatapita kwenye nyufa yakaingia kwenye udongo, na chumvi itabaki humo. Ukuta ukikauka, chumvi hugeuka fuwele chini ya glezi, fuwele hukua, na glezi huanza kuruka vipande vidogo vidogo, wakati mwingine miezi mingi baada ya usafi ambao mwenye nyumba aliusifia. Siki na asidi za kusafishia vyoo ni mbaya vilevile: hula rangi za juu ya glezi na kuondoa dhahabu kabisa. Niliwahi kuitwa kwenye meko iliyosuguliwa kwa asidi na mtu mwenye nia njema. Ndege walibaki vivuli. Hakuna nilichoweza kurudisha. Sifongo nyeupe za kufuta madoa ukutani nazo ni msasa mlaini, ziache.

Kinachofaa ni kidogo na cha pole. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Chukua maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri (si asidi yake) au ya pasi, tia matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo kali, lowesha pamba iliyozungushiwa kijiti, ikamue, kisha izungushe juu ya kigae bila kusugua. Jaribu kona moja, rangi moja moja. Pamba ikitoka na masizi, endelea. Ikitoka na rangi ya ua, simama hapo hapo, maana ama rangi ya tanuri imelegea, ama kuna mtu alipaka rangi ya kawaida kuficha pengo. Suuza kwa pamba nyingine, kausha kwa kitambaa cha pamba. Weusi ulio ndani ya nyufa hautatoka wote, na nakusihi usiupiganie.

Kuhusu kuvibandua uvipeleke Tanga, nitasema wazi kwamba sikushauri. Naelewa hamu yenyewe. Sisi watu wa pwani tuna mapenzi ya kale na kitu king'aacho ukutani. Zidaka za nyumba za mawe zilipangwa sahani za kauri, na makaburi ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa vyombo vya China vilivyojengewa kwenye chokaa. Lakini nenda kwenye makaburi ya kale ya pwani uangalie ni mashimo mangapi matupu ya duara, mahali sahani zilipong'olewa. Aliyeng'oa mara nyingi alipata vipande, kwa sababu chokaa ilishika kauri kuliko kauri ilivyojishika. Vigae vyako viko vivyo hivyo. Mgongo wake una mifereji iliyotengenezwa makusudi ili saruji iume. Fundi mwangalifu atavunja kadhaa. Asiye mwangalifu atavunja karibu vyote. Vikifika Tanga salama, kibaraza kinachopigwa na mvua na hewa ya bahari kitavilisha chumvi ile ile niliyokuonya. Kama siku moja nyumba inabomolewa au ukuta unaanguka, hapo hesabu inabadilika, na kubandua kunakuwa kuokoa.

Jambo la afya msilipuuze: glezi na rangi za wakati ule huwa na madini ya risasi. Vikiwa ukutani vizima, kuvitazama na kuvigusa hakuna hatari ya kukuondolea usingizi. Kukata, kupiga msasa au kuvunja ndiko kunakotoa vumbi la risasi na la silika, na kama kuna watoto nyumbani msifanye kazi hiyo wenyewe. Mbao za meko pia, kama zina rangi ya kabla ya 1978, zichukulieni kuwa na risasi mpaka zipimwe.

Bei? Kigae kimoja cha chapa cha kiwanda cha Uingereza, hata kizuri, mara nyingi huuzwa kwa makumi ya dola. Maelfu huja pale kunapokuwa na msanii anayejulikana, kiwanda kinachotafutwa, au seti kamili yenye historia yake. Seti yako ni pungufu kwa viwili, na ikitolewa ukutani inapoteza hata ule ushahidi kwamba ilikuwa ya nyumba hii tangu mwanzo. Kuvibandua kwa ajili ya fedha ni kuuza kwa bei ya vipande.

Mapengo mawili yana njia tatu. Unaweza kuweka vigae vitupu vya rangi ya maziwa, vya kipimo hicho hicho. Ni nafuu, ni mkweli, na jicho huzoea. Unaweza kumwagiza mchoraji wa kauri akuchoree viwili vya kufuata vingine, kwa sharti aandike mwaka wa sasa mgongoni ili asije akamdanganya mtu baada yenu. Au unaweza kutafuta vya zamani sokoni, jambo linalowezekana kama vyako ni vya chapa, na karibu haliwezekani kama vilichorwa na mtu mmoja. Mimi ningechagua ya kwanza, nikaachia nafasi ya pili. Vyovyote iwavyo, visishikizwe kwa gundi ngumu isiyotoka tena.

Kabla ya kuwasha moto, mwiteni mkaguzi wa dohani. Kisha gonga kila kigae kwa kifundo cha kidole, taratibu. Kinacholia kitupu kimeachia ukuta. Hata vikiwa kimoja au viwili tu, msiwashe moto na mtafuteni mhifadhi wa vyombo vya kauri aje avione mwenyewe. Vilevile mwiteni mkiona glezi inaruka vipande, au unga mweupe unatokea kwenye nyufa, au dhahabu. American Institute for Conservation ina orodha ya wahifadhi kwa mji, na Tile Heritage Foundation, iliyoanzishwa Healdsburg, California, mwaka 1987, imekusanya habari nyingi za vigae vya Marekani. Makumbusho kwa kawaida hayatakutajia bei, lakini mengi hukubali kutazama picha. Mhifadhi akija, muulize ni kitu gani *hatakifanya*. Anayeahidi kuvirudisha "kama vipya" asiguse.

Na kabla hujampigia yeyote, shuka chini ya nyumba na tochi yako. Mafundi wa zamani waliagiza ziada, na ziada ilibaki kwenye rafu ya chumba cha chini au nyuma ya tanuru la kupashia nyumba joto. Ukikuta kigae kimoja kilicholala huko, geuza mgongo. Alama ya umbo la almasi ni ya usajili wa Uingereza wa kati ya 1842 na 1883. Herufi "Rd No" (yaani namba ya usajili) na namba zilianza 1884. Neno "England" huashiria 1891 na kuendelea, ilipoanza kutumika sheria ya ushuru ya McKinley, mbunge wa Ohio hiyo hiyo, iliyotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Kwa hiyo ukilikuta, yaelekea meko iliwekewa vigae baada ya nyumba kujengwa. Ukikuta herufi za American Encaustic Tiling Company, ni za Zanesville, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mlangoni kwako. Na ukikuta jina la Minton mgongoni huku ndege wa upande wa pili wakihisika chini ya kidole, tafuta kwenye kona ya chini herufi mbili za kuandikwa kwa brashi, alama ya mchoraji. Ukiziona, nitumie picha yake kwanza.